Fremu Tupu ya Baba Mdogo na Mwezi wa Kanzenze

Hadija, na wewe Spesioza, na nyinyi wote wa bwenini mliokuwa mkinizingira kitandani jioni mkisema, "Aziza, tuambie basi, ilikuwaje?" Mnanijua. Mtu akiniuliza jambo mbele ya wengine, maneno yote yananitoka kichwani, nabaki nachezea ncha ya kitambaa changu. Sasa niko nyumbani likizo, nimekaa nyuma ya duka la baba mdogo, mlango nimeufunga. Hapa naweza kusema. Someni pamoja mkitaka, bora mimi nisiwepo.

Safari yenyewe, ukiitazama kwenye ramani ya darasani, ni fupi kama ukucha: Gisenyi mpaka Ruhengeri. Lakini kamyo yetu haikuwa imesoma ramani.

Gisenyi: fremu isiyo na kitu

Baba mdogo Sefu, ndugu yake baba, ni fundi cherehani. Duka lake liko karibu na soko. Siku za kazi anashona makanzu na suruali, Jumapili anawapiga foto watu waliotoka kanisani na nguo zao nzuri. Kazi yake ya tatu haimpi hata chumvi: anatazama nyota. Wako wawili tu mji mzima katika kazi hiyo. Mwenzake ni Anastazi, baharia wa mashua ya mizigo, Mkristo, mrefu, mwembamba, na mtu wa kuchukulia kila jambo kwa uzito. Wakikaa pamoja jioni mlangoni, hawasemi habari za watu. Wanasema habari za juu.

Mwaka juzi mwezi ulipopatwa, wawili hawa walikaa ufukweni na kamera. Mawingu yakafunika ziwa lote. Baba mdogo akaona mwanga nyuma ya wingu, akapiga foto, akaitia kwenye fremu nzuri ya mbao, akaitundika dukani: MWEZI ULIOPATWA. Watu walikuja kuitazama, wakavua kofia. Halafu akaingia Mama Furaha, muuza samaki, kupima gauni. Akaitazama foto, akacheka mpaka pini zikamdondoka kiunoni.

"Fundi! Hii si mwezi. Hii ni moto ya Nyiragongo. Mi naiona kila usiku nikitoka kukojoa."

Ilikuwa kweli. Volkano yetu huwasha mawingu kila siku, sisi wa Gisenyi hatuitazami tena, ndiyo maana fundi wetu aliisahau. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Nyiragongo. Watoto walimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, hata mke wake alipokasirika. Baba mdogo aliitoa ile foto akaichana, lakini fremu akaiacha kwenye msumari wake, tupu, kila mtu aione.

"Itakaa hapo mpaka nitie mwezi wa kweli," akasema.

Mwaka huu Anastazi akaja mbio na habari: mwezi utapatwa tena, na safari hii utachomoza jioni ukiwa tayari umeliwa. Shida ni kwamba mji wetu uko chini kabisa, ziwa upande mmoja, vilima upande wa mawio. Mwezi ukimaliza kupanda vile vilima na kutufikia sisi, utakuwa umeshapona. Lazima mtu apande juu, mahali anapoona mashariki wazi. Na kwa bahati, siku iyo hiyo, kamyo ya harusi ilikuwa inapanda. Idi imepita, binamu yangu Juma anaoa Ruhengeri Ijumaa, sisi watu wa bwana harusi tunakwenda Alhamisi. Masista wakanipa ruhusa ya kutoka shule.

Sasa kuna jambo lazima niliseme mapema, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea mlimani. Siku ile ya safari nilikuwa katika siku zangu. Hadija anajua maana yake, wewe Spesioza nakueleza: kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake hasali wala hafungi mpaka zipite. Si dhambi, ni sheria. Kila mwanamke anajua, kila mwanaume anajua, na hakuna anayelitaja. Wakati wa sala unajitenga kimya, unajifanya unatafuta kitu. Mimi ni bingwa wa kutafuta kitu.

Mpaka Nyundo, na msiba usiokuwepo

Kamyo ilitakiwa kuondoka asubuhi. Asubuhi yote tulikuwa tunapakia: masufuria, mchele, mbuzi, sanduku la bwana harusi, na godoro la shangazi Mwamini, ambaye ni dada mkubwa wa baba na hawezi kulala kwenye godoro la watu.

"Mama, hii ni kamyo, si meli!" dereva akalia. "Utaleta na kitanda?"

"Kitanda iko nyuma, sha, inakuja. Ngoja kidogo."

Mwisho akatokea Anastazi, na kamyo nzima ikageuka. Alikuwa amevaa suti nyeupe, mpya, kola imepigwa pasi mpaka inakata.

"Anastazi, na we unaoa?" shangazi akamuuliza.

"Hapana, mama. Naenda kuona mwezi. Mutu anaweza kwenda kuona mambo kama ile na nguo chafu?"

Akapanda, akakaa juu ya gunia la mchele, akaiweka kamera magotini pake. Ilikuwa imefungwa pamoja na miguu yake mitatu ya mbao ndani ya kitambaa cheusi, bitana ya makoti, isipate vumbi. Aliikumbatia namna hiyo njia yote, uso umekunjamana, kwa sababu kila tulipopita shimo yeye ndiye aliyeumia badala ya kamera.

Wanawake wakaanza nyimbo za harusi. Shangazi akafungua bakuli la sambusa, akalipitisha kwa watoto, nami nikachukua moja.

"We Aziza, haufungi sita?" akauliza kwa sauti ya kamyo nzima. Yeye alikuwa anafunga zile siku sita za baada ya Idi, kama wengi wao mle ndani.

Nikajaza sambusa mdomoni nisiweze kujibu. Akanitazama, kisha akaangalia pembeni. Nikadhani ameelewa, yameisha.

Nyundo tulisimama kutia maji kwenye injini. Akina mama waliokuwa wanauza maparachichi na viazi vitamu wakatukaribia wakitabasamu, halafu ghafla wakaacha kutabasamu. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akatuma mtoto nyumbani mbio.

"Mwihangane," wakatuambia kwa sauti ndogo. "Mwihangane."

Mimi nilielewa kabla ya wengine, na ndiyo sababu niliinama. Mnajua neno hilo tunalisema wapi: msibani. Waliona mwanaume mwenye suti, uso wa huzuni, amekumbatia kitu kirefu chembamba kilichofungwa nguo nyeusi. Walidhani tunapeleka mtoto kuzikwa. Na huku nyuma yake wanawake wetu wanapiga makofi na vigelegele.

"Watu gani hawa?" mama mmoja akanong'ona. "Wanacheza juu ya maiti?"

Yule mtoto akarudi na kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vya moto. Mama akakiinua kwa mikono miwili akampa Anastazi. Baba mdogo akamkanyaga: "Waambie!"

Anastazi alifungua kinywa. Akawatazama wale akina mama, akakitazama kikapu, akaitazama kamera. "Murakoze cyane," akasema, machozi karibu yamtoke. "Asante sana."

"Mbona hukuwaambia?" baba mdogo akamfokea kamyo ilipoondoka.

"Ningesema nini? Wamenihurumia vizuri namna ile!"

Tulivila vile viazi. Vilikuwa vitamu sana, na kila mtu alikula akitazama upande wake. Wanaofunga waliweka vyao mfukoni.

Matopeni, na ng'ombe jina lake Bihogo

Baada ya Nyundo mvua ikanyesha. Masika ilikuwa inaelekea kwisha, na nadhani ilitaka kumaliza maji yaliyobaki. Dereva akasema hakuna shida, na mara tu aliposema hivyo gurudumu la nyuma likazama mpaka katikati.

Wanaume wakashuka, wakasukuma. Wanawake tukashuka. Godoro likashuka. Kamyo ikazidi kuzama, kama imepata usingizi. Baba mdogo alikuwa anatazama jua, halafu saa yake, halafu jua, kama mtu anayesikiliza wawili wanaogombana.

Wakaja wakulima kutoka mashambani na majembe yao, wakiongozwa na mzee mmoja mwenye koti refu na fimbo. Hawakuuliza chochote. Walikata matawi, wakayatia chini ya gurudumu, wakasukuma wakiimba wimbo wao, na kamyo ikaruka kutoka matopeni kama chura. Tukawashangilia. Baba mdogo akambembeleza mzee apokee viazi vilivyobaki.

Anastazi akatafsiri: "Anasema hataki viazi. Anasema viazi hizi ni za shamba ya shemeji yake, anazijua."

"Basi anataka nini?"

"Anasema amesikia Gisenyi iko mutu na sanduku ya kukamata sura. Anataka batu bake bote wapigwe foto."

Sasa, filimu ilikuwa ya picha nane, na filimu ilikuwa hiyo hiyo moja. Baba mdogo akafurahi, akasema haya, simameni pamoja, foto moja ya wote. Hapana. Mzee alieleza, na Anastazi akaeleza, kwamba mtu aliyesukuma kwa nguvu zake hapigwi na wenzake kama magunia. Kila mwanaume asimame peke yake. Na miguu yote miwili ionekane, kwa sababu miguu ndiyo iliyosukuma.

Baba mdogo akamvuta Anastazi pembeni, akanong'ona: "Donc, nikibonyeza tu, bila filimu kwenda mbele? Watajuaje?"

"Sefu!" Shangazi anasikia mnong'ono ng'ambo ya ziwa. "Watu wamekusukumia kamyo! Na mimi nimefunga!"

Akawapiga foto za kweli. Mmoja mmoja, na majembe, na miguu. Mzee akawa wa sita. Tukadhani tumemaliza, ndipo mzee akapiga mluzi, na akaletwa ng'ombe. Jina lake Bihogo, mwekundu, pembe zake ndefu kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Naye hakusukuma kitu, lakini hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

"Apigwe kwa ubavu," Anastazi akatafsiri. "Pembe zote mbili zionekane, na uso usikasirike."

Bihogo alisimama vizuri kuliko watu wote. Aligeuza shingo mwenyewe. Baba mdogo akabonyeza, akasema asante, na Bihogo, kwa kuridhika, akapiga hatua moja mbele na kukanyaga mguu wa kamera. Tulisikia mbao inavyosema.

Kwa hiyo tuliondoka pale tukiwa na foto moja tu iliyobaki, na kamera yenye miguu miwili.

Juu ya mgongo wa Kanzenze

Mahali alipopachagua baba mdogo ni mgongo wa mlima, juu ya mashamba ya Kanzenze, barabara inapopinda. Mbele yetu nyasi tambarare, kisha bonde, kisha mashariki yote. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa udongo na kamyo yetu imeuegemea. Tulifika jua linazama. Mashariki kulikuwa na wingu moja, jeusi, pana, limelala mahali penyewe hasa.

"Tukae kidogo tu," baba mdogo akawaomba watu.

"Kidogo ya nani?" bwana harusi akauliza kutoka mbele. "Mi naoa kesho!"

Walijaribu kusimamisha kamera kwa fimbo, fimbo ikazama kwenye matope. Wakajaribu sufuria la shangazi, kamera ikateleza. Basi Anastazi akatazama suti yake nyeupe, akavuta pumzi, akapiga magoti matopeni, akaweka mikono chini.

"Funga hapa," akasema, akionyesha bega lake.

Baba mdogo alitoa mpira wa kiuno cha suruali, fundi hatembei bila mpira, akafunga kile kipande cha mguu kilichobaki begani kwa Anastazi. Sasa kamera ilikuwa na miguu mitatu: miwili ya mbao na mmoja mwenye suti. Anastazi alitazama magharibi, kichwa chake kisizibe kamera. Mtu aliyevaa vizuri kuliko wote kwa ajili ya mwezi ndiye alikuwa ameugeuzia mgongo.

Ukaingia wakati wa sala ya magharibi. Watu wakatandika turubai la kamyo kwenye zile nyasi, wakafungua saumu kwa viazi vya Nyundo, wakasali. Mimi nikaenda nyuma ya gari kutafuta kitu.

Walipotoa salamu kumaliza sala, lile wingu likajiinua. Sijui niseme vipi. Lilijiinua tu, kama mtu anayeinua upindo wa shuka aone nani amelala, na chini yake palikuwa na mwezi. Ulikuwa mkubwa, wa rangi ya chai, na upande wake mmoja haukuwepo. Si kama mwezi mchanga. Ulikuwa umeng'atwa.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtoto mmoja akaanza kulia. Dereva akaingia ndani ya kamyo, akapandisha kioo na kufunga mlango.

Baba mdogo alikuwa ameshashika kamera. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe, Hadija, nakwambia, juu ya kitufe.

"Sefu!" Ni mzee Hamisi, babu yake bwana harusi. "Si we ndiye unatusumbua dukani mwaka muzima, mwezi ukipatwa iko sala yake, rakaa mbili, na kila rakaa rukuu mbili? Sisi hatuijui vizuri. Pita mbele utusalishe."

"Naam, mzee. Naomba tu dakika moja..."

"Dakika gani? Mungu anakuonyesha alama yake, we unamwambia angoje dakika?"

Kweli, baba mdogo alikuwa amejigamba mwenyewe. Alikuwa ameisoma ile sala kwa sababu ya kupenda mwezi, akawaeleza wateja wote wakati anawapima mabega, na sasa wote walikuwa wamesimama mistari miwili, wanaume mbele, wanawake nyuma, wanamngoja. Akaona kila mtu yuko mstarini. Akamtazama Anastazi: Anastazi alikuwa mguu. Akatazama kamyo: dereva amejifunika koti kichwani. Nikafikiria ile fremu.

"Aziza!" shangazi akaita kutoka mstarini. "Njoo usali! Unatafuta nini tena chini ya gari?"

"Kiatu," nikasema.

"Viatu vyote viwili umevaa."

Watu wakageuka. Kamyo nzima ikanitazama, na mwezi pia. Nilitaka kumsogelea shangazi nimwambie sikioni, kama anavyofanya mtu mwenye akili. Lakini wao walikuwa huku na mimi kule, na mwezi ulikuwa unapona. Basi nikasema. Nilidhani nitasema polepole, kumbe upepo ulikuwa umetulia na hata mbuzi alikuwa amenyamaza.

"Mi sisali leo, shangazi."

Bonde likanirudishia: leo, shangazi.

Wanaume wote wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Bwana harusi alikohoa. Nilitaka korongo linisogelee.

Na baba mdogo, uso wake ukawaka. "Alhamdulillahi!" akapaza sauti.

"Sefu!" shangazi akamaka.

"Nataka kusema... Aziza, mwanangu, njoo hapa, upesi! Toa kofia ya kamera. Ngoja pawe wazi. Bonyeza, hesabu moja, mbili, achia. Usipumue. Iko moja tu. Usipumue!" Akakimbia mbele akirekebisha kofia yake, akasema "Allahu akbar" kwa sauti ya mtu aliyeokolewa na aliyeangamizwa pamoja.

Nikabaki na Anastazi. Nikainama nitazame kwenye kidirisha cha juu cha kamera, na nikaona makanzu. Turubai lilikuwa mbele yetu, watu wamesimama juu yake kwa ubavu, na mwezi ulikuwa bado chini, nyuma ya mabega yao. Kusogea hakuna mahali: huku korongo, huku kamyo.

"Unaona?" Anastazi akanong'ona.

"Naona bega la bwana harusi."

"Basi ngoja wasujudu."

Sasa ile sala, Spesioza, ni ndefu. Unasimama sana, unainama sana, unasimama tena, unainama tena, ndipo unakwenda chini. Baba mdogo alisoma na kusoma. Mwishowe wakaenda chini wote pamoja, na mwezi ukatokea wazi juu ya migongo yao. Nikabonyeza... hapana, sikubonyeza. Nikakumbuka kofia ya kamera ipo bado. Nilipoitoa walikuwa wameinuka.

"Umepiga?"

"Nilisahau kofia."

"Yezu wangu," ukasema mguu wa kamera.

Wakasujudu mara ya pili. Nikaweka kidole, na mwezi ukaanza kucheza juu na chini.

"Usipige!" Anastazi akasema kwa meno. "Usipige! Iko siafu. Iko ndani ya suruali."

"Nikutolee?"

"Usiniguse! Nitatulia. Mi natulia sasa." Jasho likamtiririka puani. Sijui alifanyaje, lakini alitulia, na siafu hawakuacha kazi yao.

Rakaa ya pili ilikuwa ndefu kama ya kwanza. Mwezi ulikuwa unaota tena polepole upande ulioliwa. Waliposujudu mara ya tatu, kipande cha wingu kikapita juu yake. Ikabaki sijida moja tu.

Wakashuka. Mwezi ukawa wazi. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, nikaushika kwa mkono mwingine, na ndipo nikagundua kwamba hawainuki. Baba mdogo alikuwa ameweka paji la uso chini na amekaa huko. Hajaona kitu, hajui wingu liko wapi, hajui kama kofia imetoka. Alikaa tu. Sijawahi kuona sijida ndefu namna ile. Mtoto akainua kichwa akachungulia, mama yake akamrudisha chini.

Sikupumua. Nikabonyeza. Moja. Mbili. Nikaachia.

Na bado hawainuki. Shangazi akakohoa. Mzee Hamisi akakohoa. Ningemwambiaje mtu aliye katika sala kwamba tayari? Nikamgusa Anastazi kichwani, na yeye, kwa sauti yote ya baharia anayeita ng'ambo, akasema kama wanavyosema kanisani:

"Aminaaa!"

"Allahu akbar," baba mdogo akajibu, akainuka.

Ruhengeri: wali uliopoa

Tulifika watu wa bibi harusi wameshakata tamaa, pilau imepoa, na tukaila hivyo hivyo. Anastazi alikula amesimama. Suti yake ilikuwa nyeupe mgongoni tu, na waliokuwa wanamwona kwa nyuma walimpa heshima kubwa.

Wanawake, mmoja baada ya mwingine, walikuja kuniwekea nyama kwenye sahani. Nadhani ilikuwa pole. Au hongera. Sikuinua macho nione.

Baba mdogo hakuniuliza chochote mpaka kesho yake, baada ya ndoa, tulipokuwa tunaosha mikono.

"Ulitoa kofia?"

"Nilitoa."

"Bon."

Nikapata ujasiri kidogo. "Baba mdogo, kwenye ile sijida ya mwisho ulikuwa unaomba nini?"

Akafuta mikono yake polepole, kidole kwa kidole. "Niliomba usitetemeke," akasema. "Si Mungu anasikiliza hata habari ya mikono?"

Gisenyi tena: fremu iliyojaa

Aliiosha filimu nyuma ya duka, kwenye kile chumba cha giza alichokizungushia mabaki ya bitana. Foto za wakulima zilitoka vizuri, na miguu. Ya Bihogo ilitoka vizuri kuliko zote, akampelekea yule mzee mwenyewe. Ya mwisho tuliitazama pamoja, mimi na yeye na Anastazi, vichwa vitatu juu ya karai.

Mwezi ni mdogo, kama punje ya harage. Lakini umeng'atwa, na hakuna mtu anayeweza kusema haukung'atwa. Chini yake kuna vilima vyeusi, vimepangwa mstari, na mwanzoni kabisa kimoja kikubwa kuliko vingine, kimeinuka peke yake.

"Muzuri sana," Anastazi akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona.

Ikatiwa kwenye fremu. Na mteja wa kwanza, mpiga makasia mmoja, akaisogelea, akatazama kwa makini, akaweka kidole kwenye kile kilima kikubwa. "Ni mwezi kweli, fundi. Na hii ni Nyiragongo?"

"Hapana," baba mdogo akasema.

"Basi ni mulima gani?"

Baba mdogo akakata uzi kwa meno. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nimesujudu."

Basi lile jina la Bwana Nyiragongo limeganda, haliondoki tena mpaka kiama. Lakini sasa akiitwa, anaitika, na anaonyesha ukutani.

Kabla sijarudi shule nilimsihi asiweke jina langu. Aandike lake tu, kamera ni yake, filimu ni yake, mwezi aliutafuta yeye. Akanicheka. "Kamyo nzima iliniona niko mbele na paji chini. Niseme nilipiga kwa kisigino?" Nilimwachia hapo, nikadhani ni mzaha.

Nimefika likizo, nimekuta chini ya fremu kuna utepe mweupe ulioshonwa kwa uzi mwekundu, herufi kubwa za cherehani: MWEZI ULIOPATWA. FOTO YA AZIZA. Wanawake wanaingia kupima nguo, wanasoma, wanaangalia ile migongo, wananigeukia. Naona wanavyowaza. Kisha wanatabasamu, kila mmoja tabasamu lile lile. Wiki nzima nimetafuta vitu chini ya meza ya kukatia, sina tena kitu cha kutafuta.

Jana akaja Mama Furaha, yule wa samaki, yeye mwenyewe. Duka lilikuwa limejaa, wanaume wawili wanangoja suruali, Anastazi mlangoni. Baba mdogo akasimamisha cherehani. Mama Furaha akaweka beseni lake chini, akaisogelea fremu mpaka pua ikagusa kioo.

"Hii ni mwezi," akatoa hukumu.

Baba mdogo akashusha pumzi aliyoishika tangu mwaka juzi.

"Na hizi nyuma za batu?"

"Wanasali," akasema baba mdogo.

"Bote?"

"Wote."

Akageuka akanitazama mimi, na duka zima likageuka naye. "Na we Aziza?"

Nilisikia masikio yangu yanavyopata moto. Nikashika ncha ya kitambaa changu. Halafu nikaiachia.

"Mi sikuwa nasali siku ile, mama," nikasema, nikaendelea kushona kifungo.